Makofi Tuliyopiga Nchelenge

Ripoti ya Bunge inasema tulipiga makofi. Ni kweli, tulipiga. Ukumbi mzima ulipiga, na aliyeanza ni mke wa mtu aliyekuwa rumande. Kwa sababu ya makofi hayo kamati iliandika kwamba wananchi wa Nchelenge wameridhika, ikafunga suala, na suala lilipofungwa mume wake akavushwa ziwa kwa nguvu.

Nieleze kwa mpangilio, maana nilikuwepo tangu mwanzo.

Mke na mume hao ni majirani zangu Kashikishi. Sote tulizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo. Mimi nilikuwa nikisoma habari kwenye redio ndogo huko mpaka vita ilipotufikia. Wao walikuwa na duka, duka likachomwa, na waliolichoma bado ndio wenye amri katika kijiji kile. Huku mke anauza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani, na mume alikuwa akitengeneza injini za maboti. Kibali chake cha kukaa kiliisha. Alipokwenda kuomba kipya aliambiwa arudi. Aliporudi aliambiwa arudi tena. Katikati ya kurudirudi huko maafisa wa uhamiaji walimkuta bandarini, mikono imejaa grisi, wakamchukua. Amri ya kumfukuza nchini ikafuata.

Mahakamani, wakili wa msaada wa kisheria alitaja mkataba wa kanda. Nchi zinazotumia ziwa moja zilikubaliana kwamba mtu anayeishi kwa ziwa hilo asifukuzwe kabla jaji hajamsikiliza. Hakimu alisikiliza kwa adabu. Akasema mkataba anaujua, na nchi imeutia saini, lakini Bunge halijaufanya sheria ya nyumbani, na yeye anahukumu kwa sheria za nyumbani tu. Muswada uko wizarani, alisema, na akafunga jalada taratibu kama mtu anayefunika chungu.

Wizara ya sheria ilikuwa imeahidi bungeni kuuleta muswada huo. Ahadi za namna hiyo zina kamati yake: wabunge wanaziandama, wanaiita wizara na kuiuliza imefika wapi, na suala linabaki wazi mpaka kamati iridhike. Kamati ilipotangaza kuja kusikiliza watu wa ufukoni, nilimwambia jirani yangu ajiandae. Watu wa kamati wakaniomba nitafsiri, kwa kuwa wachuuzi wengi wa Kongo hawajui Kiingereza na Bemba yao ni ya sokoni.

Siku hiyo tulikaa kwenye benchi nje ya ukumbi. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Wenzake wa chisense hawakumwacha.

"We mama, umevaa hivi, unaenda kuolewa tena?"

"Eh, naolewa na Bunge."

"Na mahari?"

"Banirudishie bwana yangu, njo mahari yenyewe."

Walicheka mpaka karani akatoka kutunyamazisha.

Ndani, mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja kutoka mkoa wa mbali, mwenye sauti ya mwalimu. Upande wa pili alikaa mwanasheria wa wizara. Alijitambulisha kama mzaliwa wa Mwansabombwe, mkoa wetu huu huu, akasalimia watu kwa Bemba, akakunja viganja na kuvigonganisha taratibu kama tulivyozoea kuwafanyia wakubwa. Watu walimpenda papo hapo. Mimi pia nilimpenda.

"Muswada uko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Mheshimiwa, unapitiwa."

"Unapitiwa na nani?"

"Na wadau, Mheshimiwa."

Mbunge mmoja mnene aliyekuwa kimya tangu asubuhi akageukia watu. "Wadau si ndio hawa? Mama wewe wa mbele, umeupitia?"

Nilitafsiri. Jirani yangu akajibu, "Mi napitia samaki tu, mukubwa." Ukumbi ukaangua kicheko, na mwanasheria akacheka kuliko wote.

Kisha zamu ya jirani yangu ya kusema ikafika. Hakukaa kitini. Alipiga magoti kwanza, kama mwanamke wa pande hizi anavyofanya mbele ya mkubwa, akasema, "Mi sikusoma. Bwana yangu iko ku buloko. Hakuua mutu, hakuiba kintu. Minaomba neno moja tu: basimuvushe. Bale balichoma duka yetu beko kule, banamungojea."

Nilitafsiri neno kwa neno. Buloko nikasema jela. Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti alivua miwani, akamuuliza mwanasheria atamjibu nini mama huyu. Akajibu, na hili nililisikia vizuri kwa sababu nililitafsiri mwenyewe: maadamu suala liko mbele ya kamati, hakuna mtu wa ziwa hili atakayevushwa.

Nilipomaliza kulitamka kwa Kiswahili, jirani yangu, bado yuko magotini, alikunja viganja akapiga. Pa, pa, pa, taratibu. Wenzake wakafuata, na wavuvi wa nyuma, na wazee wa kanisa. Huku tunaita kutota. Unamfanyia mkubwa aliyekukubalia kusema, na unamfanyia mkubwa aliyemaliza kusema, hata kama alichosema ni kukunyima. Ni kumwambia tu kwamba umemsikia. Nami nilipiga, kwa sababu kutopiga kungekuwa tusi. Kazi yangu ilikuwa maneno, na hakuna aliyeniomba nitafsiri mikono.

Tulirudi Kashikishi na furaha ndogo. Jioni jirani yangu aliniletea bakuli la chisense, akasema, "Papa, umeisema muzuri."

Ripoti ilipotoka niliisoma kwenye simu, nimesimama kwenye kivuli cha kibanda cha mkaa. Sehemu yetu ilikuwa fupi. Maelezo ya wizara yalipokelewa kwa makofi na wananchi waliohudhuria, kamati imeridhika, suala limefungwa. Maneno ya jirani yangu hayakuwemo, wala magoti yake.

Nilimpigia karani wa kamati. Alikuwa mpole.

"Mzee, makofi yamo kwenye rekodi. Sauti ipo."

"Yale ni makofi ya heshima. Ni kutota. Hatukukubali kitu."

"Nakuelewa. Lakini rekodi haina aina za makofi."

Nikamuuliza kama mwanasheria hakuwaeleza, yeye mtoto wa Mwansabombwe. Karani akasema kuwa wizara yenyewe ndiyo iliyoikumbusha kamati kuhusu makofi hayo.

Bibi yake mwanasheria huyo alipiga makofi ya namna hiyo. Mama yake aliyapiga. Yeye mwenyewe aliyapiga mlangoni akiingia, na sisi tukampenda.

Sikuwahi kumfikisha jirani yangu kwa wakili na habari hiyo. Maafisa walitutangulia. Ahadi ilisema maadamu suala liko mbele ya kamati, na sasa halikuwa mbele ya mtu yeyote. Walimtoa mume rumande asubuhi, wakamshusha bandarini mbele ya watu aliowatengenezea injini, na boti iliyombeba ilikuwa na injini aliyoifungua na kuifunga kwa mikono yake. Mke alifika ikiwa imeshaondoka. Alibaki na mfuko wa nguo na mkate aliokuwa amemletea.

Mbunge wetu anasema suala lililofungwa linaweza kufunguliwa iwapo mbunge ataliomba upya, na kwamba ataliomba. Sijasikia kuwa ameliomba. Muswada bado unapitiwa.

Mwenye boti anasema alimshusha salama ng'ambo, na kwamba alimwona akitembea kuelekea barabarani, simu mkononi. Ndugu zake huko wanasema hakufika. Mke wake anampigia kila siku, akiwa amekaa kati ya marundo ya chisense, na wanawake wengine wanapunguza kelele ili asikie. Simu haijazimwa. Inaita mpaka inakata yenyewe. Wiki zimepita na bado inaita, maana yake kuna mtu anayeichaji.