Pikapu Iliyotiwa Gongo

Petroli ilipoadimika miaka ile, shemeji yangu, fundi wa magari, alitupa dawa: gongo. Si gongo yoyote, bali ile ya mwanzo kabisa kutiririka, kali, ukiiwashia kiberiti inashika. Ukiichanganya na petroli kidogo, gari litatembea japo kwa kukohoa. Mume wangu hakutaka kusikia. Alikuwa mwalimu wa madrasa hapa Kiwangwa, na pikapu yetu ya kubebea mananasi ikabaki uani, kuku wakitagia ndani.

Kisha binti yetu wa pekee akashikwa na degedege. Asubuhi ile macho yalimgeuka, na hospitali iko Bagamoyo.

"Bwana," nikamwambia mume wangu, "dhambi nitaibeba mimi. Nenda!"

Akaenda kwa jirani yetu, mwanamke aliyepika gongo ya mabibo. Alisimama nje ya ua, pua kaiziba kwa kilemba, akasema tu, "Nipe ile kali." Habari ya gari hakuitaja, kwa haya. Nilimwambia mara ngapi mficha uchi hazai! Akarudi na dumu kaliweka mbali na kanzu yake. Kuijaribu kwa kiberiti, akakataa. Hiyo ni kazi ya walevi, alisema. Akaimimina yote kwenye tangi, juu ya petroli kidogo iliyosalia.

Hatukufika mbali. Gari lilikohoa, likazimika, na njia nzima hapakuwa na gari jingine. Tukambeba mtoto kwa zamu, jua kali. Alikata roho mgongoni kwangu. Nilihisi joto lake likipungua nami nikaendelea kutembea, kwa sababu sikujua la kufanya.

Jirani alikuja msibani, akaketi nami mkekani.

"Pole, shoga. Mwalimu nilimhurumia. Nilijua anataka kunywa asahau ugonjwa wa mtoto. Nikaizimua kwa maji ya kisima, nusu kwa nusu, asije akabeba dhambi nzima."

Nikamwambia ilikuwa ya gari. Akaangua kilio kunishinda mimi mfiwa.

Mume wangu aliamini Mungu kamwadhibu kwa kushika haramu. Nikaona nimtue mzigo huo, nikamweleza habari ya maji.

"Kumbe ningesema tu ni ya gari," akasema.

Kauli hiyo hakuiacha tena. Aliisema akila, aliisema akitia udhu, na hata siku tuliyomlaza kuelekea kibla, ilikuwa ndiyo ya mwisho kutoka kinywani mwake kabla ya shahada.