Adhuhuri Isiyo na Kivuli

Mwaka wa pili tangu tutoke Unguja, Maskati haikuwa na skuli ya kunichukua mimi mtoto wa kike, na kushinda jikoni nilikataa katakata. Babu akasema atanisomesha mwenyewe kwa mpango wa kizamani: kwanza nahau, mantiki na balagha, ulimi unyooke, kisha hisabu, handasa ya pembe na mistari, na mwisho falaki, elimu ya jua na nyota. Kila fani nikiimaliza nlimsomea yote kwa moyo. Nikihitimu ya sita angenipa ijaza, karatasi ya ruhusa ya kufundisha, yenye majina ya walimu wake mmoja baada ya mmoja mpaka mimi. Wanafunzi wake wengine walibaki huko au walikufa. Nliitaka ile karatasi kuliko nguo ya Idi.

Wakati huo Babu alishapofuka. Mtihani wa falaki ulikuwa uani, mwezi wa Juni, adhuhuri. Alisimamisha bakora yake kwenye ufa wa sakafu, akakaa jamvini, akataka nimwambie kivuli kimeanguka upande gani na kina nyayo ngapi.

Nikatazama. Hakikuwepo. Nikainama kutafuta changu, nikaona miguu yangu tu. Mtaa ulinyamaza, hata mbuzi wa jirani. Aliyenitisha zaidi ni Babu: amekaa juani, macho meupe yamenielekea, na ubavuni mwake hamna kitu. Bibi zetu walituambia asiye na kivuli si mtu. Wallahi niliogopa hata kumwita.

"Umeona nini, mwanangu?"

Hesabu za vivuli vya Unguja zote nlikuwa nazo kichwani. Nikajibu, "Nyayo nne, Babu. Upande wa kusini."

Babu akapapasa sakafu kuizunguka bakora, polepole, kwa kiganja kitupu. Kote kulikuwa moto sawasawa.

Baada ya Alasiri akaniita na wino. Yeye akitaja, mimi nikiandika: walimu wake, kisha nahau, mantiki, balagha, hisabu, handasa. Nikangoja. Akaniambia nitie tarehe.

"Na falaki, Babu?"

"Iache. Nimekuuliza ulichoona, ukanambia unachokumbuka."

Nikalia mpaka kwikwi. Kumbe alishapiga hesabu zake zamani: Juni, jua la Maskati hupita utosini, na alitaka kusikia hivyo tu kwangu. Nikaapa nitasema kweli kesho yake. Akasema tungoje mwakani, jua lirudi palepale. Jua lilirudi, yeye tulishamzika.

Sasa nakaa Azaiba, hapahapa Maskati, na wajukuu wananicheka. Kila Juni, adhuhuri, natoka na bakora yake, natandika jamvi lake, naisimamisha bakora juani, natazama vizuri kwanza. Kisha namwambia kwa sauti, "Hakuna kivuli, Babu." Nasubiri kidogo, nimeinamisha kichwa, maana sitaki kugeuka kutazama jamvini. Karatasi ninayo mpaka leo, na pale pa fani ya sita pako wazi.