Salamu ya Révérienne

Mimi mtu wa Ujiji, salamu yangu mkono, basi. Révérienne, Mrundi aliyekimbia vita akapanga chumba kwangu, alinichosha siku ya kwanza tu. Alinikumbatia, akaniuliza habari za nyumba nzima, mpaka za kuku, bila kuniachia.

"Kwetu asiyekumbatiwa ni mgeni, dada Fatu," aliniambia.

Kisha akapata saratani ya titi. Aliporudi kutoka Mwanza kuchomwa dawa, muuguzi Regina alikuja kutueleza. Kwenye damu kuna chembe nyeupe za aina nyingi. Zipo zinazozunguka mwilini kukagua chembe nyingine, zikikuta iliyogeuka saratani huiua. Tabu ni kwamba hiyo saratani haikutoka nje. Ni chembe ya mwilini humo humo, na inajua kujificha.

"Jirani aliyegeuka," Révérienne akasema. "Hao nawajua."

Regina akaendelea: dawa inaua saratani, lakini inapunguza na chembe nyeupe, hata zile za kuzuia maradhi mengine. Mpaka zipande, mafua ya mtu yangeweza kumuua. Asikumbatie mtu. Mimi, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi.

Wiki ile ile binti yake Kaneza akaja kutoka kambi ya wakimbizi kumuaga. Magari ya kuwarudisha Burundi yangeondoka kesho yake, na kabla ya ugonjwa mama alikuwa aende naye. Binti alifika na vumbi la Kasulu mwili mzima, anapiga chafya. Révérienne akainuka mkekani, mikono wazi. Kisha akaishusha.

"Kaa hapo mlangoni, mwanangu."

"Mama, nimekuwa mgeni?"

Nikaeleza mimi, vibaya vibaya, habari za chembe nyeupe. Kaneza akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka. Walizungumza hivyo hivyo, mmoja kizingitini, mwingine ukutani, mpaka kibali cha Kaneza cha kutoka kambini siku moja kikakaribia kwisha.

Mwezi uliofuata Regina alileta majibu akicheka. Chembe zimepanda, sasa kumbatia umtakaye! Révérienne akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Akanijia mimi. Akanikumbatia, akaanza kuuliza kwa Kirundi, swali baada ya swali. Sikuelewa kitu ila jina la Kaneza. Nikaitikia "ego", ndiyo yao, kila aliponyamaza, na safari hii sikuwa na haraka ya kuachiwa.