Mjane, Ng'ombe na Mkwaruzo wa Kisu

Mke wangu Guizhen anaosha maandishi ya miaka elfu mbili, na hajui kusoma hata moja. Mimi nasuka vikapu vya mwanzi vizuri kuliko mtu yeyote hapa Jingzhou, anayebisha ana wivu. Shule tuliiacha pamoja, darasa la nne. Mimi ndiye niliyekimbia kwa kasi zaidi.

Watu wa kale waliandika kwenye fito za mwanzi, karatasi haikuwepo. Fito hizo zinatoka kaburini nyeusi, laini kama tambi zilizopitiliza kuiva. Kamba za kuzifunga zilishaoza, kwa hiyo zimechanganyika zote. Guizhen anazisugua majini kwa brashi, Mwalimu Teng, binti wa chuo, anazisoma.

Mwaka jana ikatokea kesi ya kale kwenye fito ishirini na tatu: mjane kaporwa ng'ombe na jirani. Kila jioni Guizhen ananisimulia kama vile mjane anakaa mtaa wa pili. Siku moja akarudi kanuna.

"Mjane ameshindwa. Fito ya mwisho inasema achapwe viboko hamsini kwa kusingizia watu."

"Si alishakufa zamani?"

"Wewe kunywa supu yako."

Kesho yake nilimpelekea chakula, nikamkuta kazigeuza fito zote.

"Mwalimu, mbona mgongoni mwa kila fito pana mkwaruzo?"

"Kisu kiliteleza, shangazi."

"Kiteleze mara ishirini na tatu? Mume wangu anakwaruza mwanzi mzima hivi, mshazari, ndio anapasua. Akitaka kuzirudisha fito zilivyokaa, anafuata mstari."

"Kumbe ni mtaalamu?"

"Mropokaji tu. Ila mwanzi anaujua."

Nikafungua mdomo niongeze sifa, Guizhen akanikanyaga mguu.

Wakazipanga kwa migongo, mstari ukishuka kama ngazi. Fito ya viboko ikaangukia ya kumi na nne. Kumbe mjane alichapwa, akaamka, akaenda kwa hakimu mwingine! Mwalimu Teng akasoma mpaka ya mwisho: hakimu kaagiza ng'ombe akaguliwe alama ya sikio.

"Halafu?"

"Basi, zimeisha."

"Hazijaisha. Mstari haujafika chini. Imebaki moja."

Siku nane Guizhen alichakura matope ya kaburi, nyumbani nikipika mimi, na napika vizuri kuliko yeye. Siku ya tisa akaikuta imegandia bakuli lililovunjika. Mwalimu Teng akasoma taratibu: ng'ombe arudishwe kwa mjane, pamoja na ndama aliyezaliwa kwa jirani.

"Ndama!" Guizhen akapiga paja. "Hilo sikuliwaza kabisa. Dume au jike?"

"Haijaandikwa, shangazi."

Akavuta beseni lingine la matope.