Nusu ya Njia ya Nzuguni

Harufu ya mchanga mbichi ndiyo inayonirudisha. Sisemi harufu ya mvua. Mvua ina wasifiaji wa kutosha. Nasema mchanga wa chini kabisa ya kisima, pale kwenye korongo la Zuzu wakati wa kiangazi, ukishachimba mpaka kichwa kinazama na maji bado yanakuja kwa kukuhurumia, tone kwa tone, rangi ya majivu, yananuka kwato za ng'ombe. Kisima kimoja kilinywesha tembe nyingi, na maji yalijikusanya polepole mno hata hakuna aliyeweza kusimama kuyasubiri. Kwa hiyo vibuyu ndivyo vilivyosimama. Ulifika alfajiri, ukaweka kibuyu chako nyuma ya cha mwenzako, ukaenda zako, nacho kikakushikia zamu. Kila kibuyu kilikuwa na alama ya mwenyewe, na hakuna aliyekigusa cha mwenzake. Ila zamu ikifika na wewe haupo, kilirushwa mkiani, na hukuwa na wa kumlalamikia.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, nakaa kwa shangazi, dada yake baba. Mama alikuwa amerudishwa kwao Nzuguni, upande wa pili wa Dodoma, baada ya kushindwana na watu wa baba. Mahari ilirudi, isipokuwa ng'ombe watatu. Hao walibaki kwa babu mzaa mama kwa sababu yangu, maana kwetu mtoto ni wa ng'ombe waliomtolea mama yake: ng'ombe wakibaki huko, mtoto anabaki huku. Wazee walilimaliza jambo hilo kwa siku moja, wakala nyama, wakatawanyika. Hakuna aliyeniuliza. Nani anamwuliza ndama? Shangazi hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Hakunipiga bila sababu, na hakunisemesha bila kazi. Siku ilipita bila jina langu kutajwa isipokuwa na neno la maji, kuni au ndama mbele yake. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawasemi mtoto asiyesemeshwa anakuaje. Nawaambia mimi: anakua akihesabu.

Msimu uleule Wadachi walikuwa wanapima njia ya reli. Mdachi alitangulia na darubini yake ya miguu mitatu, wakafuata watu wa mnyororo wa kupimia, na nyuma kabisa Masanja, Mnyamwezi mmoja wa makamo aliyebeba vigingi vyeupe begani na nyundo kiunoni. Alinikuta nimekaa peke yangu ukingoni mwa korongo.

"Mbukwa, binti," akanisalimu kwa Kigogo chake cha kuazima. "Unalinda mchanga usiibiwe?"

"Nasubiri maji."

"Basi tunalingana. Mimi nasubiri Tabora. Ni kwetu. Nimetoka pwani, nakwenda nyumbani kwa kupiga nyundo."

Nikamwuliza kama hachoki. Akatua vigingi vyake, akakaa. "Nikiiwaza Tabora nachoka hata nikiwa nimelala. Ndiyo maana siiwazi. Natazama pale kigingi kinapotakiwa kukaa, basi. Nikikipiga, natazama kingine. Miguu haijui Tabora, mwanangu, inajua kigingi." Kisha akauliza mama yangu yuko wapi, kama watu wazima wanavyouliza bila kutaka jibu. Nikamwonyesha mashariki kwa midomo, nikataja Nzuguni. "Nzuguni? Vigingi vyetu vya akiba vimelundikwa kulekule, nakwenda kuvifuata kila vikiisha. Vigingi vimetoka kwa mama yako mpaka hapa ulipo. Unalia nini?"

Sikuwa nalia. Lakini kesho yake niliweka kibuyu mstarini, nikaufuata mstari mweupe kuelekea jua linakotoka. Nilifika kigingi cha nne, nikaweka jiwe chini yake, nikarudi mbio kuwahi zamu. Siku ya pili nikaweka jiwe kwenye cha sita. Nilikwenda peke yangu, sikumwambia mtu, na nani angenisikiliza? Niliongea na mawe. Nilipoyapita niliyagusa kwa kidole cha mguu, moja moja, kama mtu anayeamsha wadogo zake. Na hapa kuna jambo ambalo mpaka leo naona haya kulisema: niliuombea ukame uzidi. Maji yalivyopungua ndivyo vibuyu vilivyongoja zaidi, na ndivyo nilivyopata muda wa kwenda mbali. Ng'ombe wa majirani walikuwa wanaanguka, shangazi anapika mlenda bila chumvi, watu wanatazama mbingu wakiomba wingu, na mtoto mmoja wa Zuzu anaomba lisije. Zamu ikaja kufika jioni kabisa. Nikaanza kuyaona mawe makubwa ya Dodoma yamekaa mbele yangu kama ng'ombe waliolala.

Hapo nikakwama. Siku tatu mfululizo niliweka jiwe kwenye kigingi kilekile, kwa sababu jua lilikuwa likifika utosini hapohapo, na kila hatua ya mbele ilikuwa na hatua yake ya kurudi. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho Masanja hakuniambia, labda kwa kuwa safari yake yeye ilikuwa ya kwenda tu, hata alipofuata vigingi nyuma. Mtu anayetaka kurudi hafiki mbali kuliko nusu ya njia. Awe hodari vipi, aweke mawe mangapi, nusu ndiyo mwisho wake.

Siku ya nne nikakuta mafiga. Kwenye kigingi kinachofuata, mbele ya jiwe langu la mwisho, mtu alikuwa amepanga mawe matatu madogo ya kuinjikia chungu, na katikati yake karanga chache zimefungwa jani. Hakuna mtoto anayesahau mama yake alivyopanga mafiga: mawili karibu, la tatu limesogea kidogo kama limenuna. Masanja alikuwa ameyaona mawe yangu akifuata vigingi, akapeleka habari. Nilikula karanga zile na maganda yake. Nikaacha ushanga wangu mmoja. Siku ya pili yake ushanga haupo na karanga zipo. Tuliishi hivyo mimi na mama, karibu mwezi mzima, na sikumwona hata kisigino. Yeye alikuja mapema, kabla watu wa kwao hawajaamka. Mimi nilifika adhuhuri. Yeye alikuwa na jiwe la kusaga linalomngoja, mimi kibuyu.

Kisha wingu likaja. Nililiona likitoka kusini, jeusi, nikajua mvua ikinyesha maji yatajaa kila mahali, na hakutakuwa na mstari tena wala sababu ya mimi kutoka. Nikayapita mafiga. Mbele nikaona mafiga mengine, na mengine, kigingi kwa kigingi, yakishuka kuelekea kwao, nami nikayagusa kwa kidole. Nilifika mafiga ya nne. Radi ikalia. Nikakumbuka kibuyu. Wallahi, nilikumbuka kibuyu, nikageuka. Nilipofika kisimani nilikikuta mkiani, kimelala ubavu, na shangazi amesimama na fimbo. Nilipigwa fimbo zilezile ambazo ningepigwa kama ningefika. Mama alifariki kabla ya kiangazi kilichofuata. Nikaambiwa baada ya mazishi, nikiwa natenga ndama.

Leo gari moshi linapita palepale. Abiria anatoka Nzuguni hadi Zuzu kabla chungu cha maharage hakijaiva, na mawe yetu watu wa reli waliyasomba, wakayaponda yakawa kokoto. Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la mwisho walilokubali msichana aingie, naandika barua za watu, nafua nguo za watu wa stesheni hapa Dodoma, na mwanangu aliyeachishwa ziwa juzijuzi amechukuliwa na watu wa baba yake huko Makutupora. Ng'ombe, wanasema. Majirani wananiambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu zipi? Zilizoliwa na nani? Tangu mwezi uliopita nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza mpaka mtoni, ya pili mpaka kwenye mashamba ya uwele, ya tatu mpaka nikaona moshi wa tembe zao, na kila mara niliweka jiwe nikageuka, kwa sababu ya nguo za watu kwenye kamba. Mara ya tatu ndipo nilipojiona. Jana nimewarudishia nguo zao zote, zilizokauka na zilizolowa. Mwenye kutukana ametukana. Asubuhi hii natoka, na hakuna changu kinachongoja mstarini.