Kijojia na Kisebuano Barazani Kwangu

Wanafunzi wangu wakisikia kwamba nilipata kujifunza Kijojia na Kisebuano, huuliza kwanza lugha hizo ni za wapi, kisha huuliza ipi ni ngumu. Swali la pili hujibiwa na ulimi kuliko akili. Kisebuano, lugha ya visiwa vya Ufilipino, hakikumsumbua mtu nyumbani kwangu: maji ni tubig, nyumba ni balay, na mtoto ni bata, jambo lililotuchekesha siku nzima. Kijojia, lugha ya milima iliyo kusini mwa Urusi, hurundika konsonanti kadhaa kabla ya kutoa irabu moja. Neno lao la maji huanza kwa sauti mbili zinazogongana kooni, na binti niliyemlea alisema kwamba mwenye kiu huko hufa kabla hajamaliza kuomba.

Nilizipata lugha hizo wakati wa Wajerumani, reli ilipofika Morogoro. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha walimu cha misheni huko Unguja, nikifundisha shule chini ya mlima. Alasiri walikuja barazani kwangu wanaume wawili kujifunza Kiswahili. Mmoja alikuwa nyapara wa vibarua wa reli, mtu wa ndevu nyingi, ambaye boma lilimwita Mrusi naye akakataa kila alipoitwa hivyo. Alisema yeye ni Mjojia. Wa pili alikuwa fundi seremala kutoka kisiwa cha Sebu, aliyeshuka melini Dar es Salaam na sasa akitengeneza milango ya stesheni. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza isipokuwa hiyo niliyowafundisha, na kila mmoja alichopenda kuzungumza kwa lugha hiyo ni kasoro za lugha ya mwenzake.

Nami nikisikiliza nilijifunza mengi. Zote mbili, kama yetu, hazimtengi mwanamume na mwanamke katika neno “yeye”, tofauti na Kiingereza kilichotutoa jasho chuoni. Kijojia hukusanya mtendaji na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja. “Nakupenda” yao ni neno moja kama yetu. Kisebuano hupenda kutanguliza kitendo, mtendaji akafuata nyuma, na kina “sisi” mbili: kita, ukiwa wewe msikilizaji umo, na kami, ukiwa umeachwa nje. Mjojia huhesabu kwa ishirini, hata arobaini kwake ni ishirini mbili.

Masomo yalikuwa yameendelea vizuri fundi alipomposa binti yangu. Nasema binti yangu, ila ni mtoto wa marehemu dada yangu, mimi ni mama yake mdogo, na kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Neno la mwisho lilikuwa la mjomba wake, yaani kaka yangu, aliyekaa juu Mgeta. Alituma salamu kwamba anashuka kuonana na ndugu wa mposaji. Asipowakuta, atapanda mlima na binti. Tangu salamu zile zilipofika chakula changu niliwamwagia kuku.

Kaka alifika akiwa na fimbo yake, akaketi barazani. Fundi alikuwa ameketi mkabala naye.

“Shikamoo, kaka,” nilimsalimia.

“Marahaba. Mtu wenu ndiye huyu. Watu wake wako wapi?”

Nikamweleza kwamba wako ng'ambo ya bahari, safari ya miezi.

“Simkatai kwa sura wala kwa kazi,” alisema. “Milango yake nimeiona. Lakini akimkosea mtoto wetu, nitakwenda kusema na nani? Na akifa, atazikwa na nani?”

Fundi aliinamisha kichwa. Ndani, mchi ulinyamaza kwenye kinu, nikajua binti anasikiliza.

Hapo akatokea nyapara. Ilikuwa siku ya somo na hakuna aliyekumbuka kumzuia. Alisalimia, akaketi, akamtazama mwenzake.

“Leo kimya? Ajabu. Mwalimu, lugha ya huyu husema kila kitu mara mbili. Hata kijumba cha kuchezea watoto ni balay-balay. Kwao husahau neno la kwanza, ndiyo maana hulirudia.”

Fundi hakuweza kujizuia. “Afadhali kurudia kuliko kutafuna kokoto. Na kwao, mzee, baba ndiye huitwa mama. Muulize.”

Kaka akageuka. “Kweli?”

“Kweli kabisa,” alisema nyapara. “Mama ni deda.”

“Basi anayezaa ni nani?”

“Kwao?” alidakia fundi. “Huzaa punda.”

Kaka alilaza fimbo chini. Akamgeukia nyapara, akamwuliza polepole, “Huyu akifa, utamzika?”

“Nani mwingine atamzika? Mimi. Lakini msumeno wake nauchukua kabla hajapoa.”

Kaka akajipiga paja. Kwetu, anayeweza kusema hivyo mbele ya mtu na asichukiwe ni mtani wake peke yake. Mtani huchimba kaburi, hutukana wafiwa, huchukua anachotaka msibani, na ole wake atakayenuna. Watani wetu ni makabila jirani ambayo wazee walipigana nayo, kisha wakapatana.

“Mdogo wangu,” aliniambia, “mbona hukusema? Mtu huyu ana mtani.”

“Kaka, nchi zao hazijuani. Kati yao kuna bara zima, na bahari juu yake.”

“Hazijuani wapi, nami nimewasikia kwa masikio yangu? Kama hawakukutana huko, wamekutana hapa. Mwenye mtani haitwi asiye na watu. Akimkosea mtoto wetu, nitamshika huyu mwenye ndevu.”

Nyapara alipoelezwa wajibu wake aliuliza atapata nini.

“Kuku,” alisema kaka, “siku ya harusi, ukiifunga njia kama afanyavyo mtani mpaka alipwe.”

Niliingia jikoni, nikaketi kwenye kigoda. Binti alikuwa amesimama kando ya kinu. Nguo zake alikuwa amekwisha kuzifunga mzigo, tayari kwa mlima.

“Fungua, mwanangu,” nikamwambia. Alifungua fundo kwa meno, maana alikuwa amelikaza sana. Jioni ile nilikula ugali na kunde, nikaomba tena.

Siku ya harusi nyapara alilala kifudifudi katikati ya njia ya kanisani, akimtukana bwana harusi kwa Kijojia. Bwana harusi akamjibu kwa Kisebuano. Kaka, kuku mkononi, aliniuliza wanasemaje. Niliyaelewa yote, nikamwambia kwamba wanapatana.