Adelgunda Juu ya Mizani

Watu wa Igurwa walishamzika Adelgunda kwa midomo yao kabla ARV hazijamwinua. Aliponenepa tena, alijiwekea desturi: kila msimu, magunia yake ya kahawa yakishapimwa, alipanda mwenyewe juu ya mizani mbele ya watu wote. "Haya, semeni tena!" Kinamama wakapiga vigelegele.

Mwaka jana daktari alimwambia kwamba virusi vimelala, ila kinga yake inapanda polepole na lehemu, yaani mafuta, imezidi kwenye damu. Akamwongezea kidonge cha kuishusha, kulinda moyo na mishipa. Huenda, alisema, kikaisaidia hata kinga.

Adelgunda aliuliza jambo moja tu: "Kitanikondesha?"

Daktari akacheka, akasema hapana. Kicheko kile kilimkera. Angejua nini kuhusu kukonda, mtu ambaye hajawahi kuona majirani wakikikataa kikombe alichonywea yeye? ARV alimeza bila kukosa. Kile kidonge kingine alikifukia kila siku kwenye shina la mgomba. Laiti angeuliza mara ya pili!

Kiharusi kilimkuta akianika kahawa.

Msimu huu mumewe, Pastory, alimleta mizanini kwa baiskeli, amemfunga kwa kitenge asianguke.

"Nipandishe," alisema kwa nusu ya mdomo.

Pastory akamkalisha juu ya mizani. Mshale ukasimama palepale pa mwaka jana. Adelgunda akawageukia kinamama, akingoja vigelegele.